Moyo Mmoja, Mashine Mbili

Nimestaafu juzijuzi tu, na tayari mmeshanipigia simu kuuliza swichi ya kipoza maji cha mashine iko wapi. Iko nyuma ya mlango wa kijani. Kwa kuwa naona mtaendelea kupiga, nimeamua kuandika niliyoyaona kwenye kazi hii, karatasi zikae hapo chumbani, mtu asome akiwa anasubiri mgonjwa avue hereni na vikuku.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Anayetaka kujua nilipata nini aje Bigwa aitazame nyumba yangu, hasa baraza ya mbele.

Mimi ni mtoto wa hapo hapo Bigwa, Morogoro, mji unapoishia na mlima unapoanza. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Nina diploma moja ya upigaji picha za mionzi, na kwa diploma hiyo moja nimefanya kazi katika nchi tatu, nimewaelekeza watu wenye digrii mbilimbili, na nimerudi nyumbani kwa hiari yangu wakati wenzangu wengi wamebaki huko wakilalamikia baridi. Sisemi hivi ili kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Mzee Mkude, mpiga eksirei aliyekuwa bado anasafisha filamu kwa mkono kwenye chumba cha giza. Mikono yake ilinuka dawa ya filamu hata siku ya Idi. Nilitegemea anionyeshe mashine. Badala yake alinisimamisha karibu na mama mmoja aliyeletwa kupigwa picha ya kifua, akaniambia nisikilize.

"Unasikia nini?"

"Anapumua, mzee."

"Anapumuaje?"

Nikasikiliza tena. "Harakaharaka."

"Anaogopa. Ukimpiga sasa hivi utapata picha ya woga wake. Ngoja kwanza."

Tukangoja. Mzee Mkude akamuuliza yule mama habari za shamba, habari za mvua, habari za watoto wote mmoja baada ya mwingine, mpaka pumzi ikashuka. Ndipo akabonyeza. Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka, nikaona tumepoteza muda. Miaka mingi baadaye, mbele ya mashine yenye thamani kuliko mtaa mzima, somo lile la pumzi ndilo lililomwokoa mtu. Nitafika huko.

Nilikwenda Botswana kwanza, kisha Uingereza, mji wa kaskazini ambako watu huliita jua habari njema. Huko ndiko nilikouona moyo.

Nataka mnielewe ninaposema kuuona. Mioyo nilishaiona kwenye eksirei, kivuli cheupe katikati ya kifua, kimelala kama kiazi. Lakini siku ile walinikalisha mbele ya skrini ya MRI, mgonjwa akiwa ndani ya sumaku chumba cha pili, na moyo wake ukaanza kwenda mbele yangu. Ukuta unajikamua, unalegea. Vile vilango vyake vyembamba kama ngozi ya kitunguu vinafunguka na kufunga. Damu inaingia kwa mzunguko, haimwagiki ovyo, inajipinda kama maji ya kijito yanapokuta jiwe. Na mwenye moyo mwenyewe amelala anafikiria mambo yake, hana habari. Nilisahau kufunga mdomo. Nimefanya kazi hiyo mpaka nimezeeka na sijawahi, hata siku moja, kuutazama moyo unavyokwenda nikaona ni jambo la kawaida. Siku mtakapoona ni la kawaida, ombeni uhamisho.

Lakini moyo kuutazama ni kitu kimoja, kuupima kwa namba ni kitu kingine. Aliyenifundisha kupima ni mama mmoja wa Kipolandi, Danuta, fundi wa fizikia, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alinieleza hivi, nami nawaeleza vilevile. Ndani ya nyama ya moyo kuna maji. Mashine inayatikisa yale maji kwa mawimbi ya redio, halafu inahesabu muda yanaochukua kutulia, kwa milisekunde. Muda huo sisi tunauita Tii-wani. Nyama nzima ina muda wake. Nyama yenye makovu hukawia kutulia. Nyama iliyojaa madini ya chuma hutulia mapema mno. Kwa hiyo bila kisu, bila sindano, namba moja inakuambia moyo umebeba nini ndani yake. Nilipoelewa hivyo nilikwenda kusimama nje kwenye mvua kidogo.

Kisha Danuta akaniharibia raha. "Ukimpima mtu huyohuyo kesho, kwenye mashine nyingine, mji mwingine, utapata namba ileile?"

Nikajibu kwamba bila shaka, moyo si uleule?

Akacheka. Akatoa chini ya meza kisanduku chenye vichupa vya jeli, kila kichupa kimetengenezwa kiwe na Tii-wani yake, kimoja kama damu, kimoja kama nyama nzima, kimoja kama nyama mbovu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na kisanduku kile hospitali hadi hospitali, mashine hadi mashine, kuona kama zote zinasoma sawa. Hazikuwa zikisoma sawa. Sumaku hii ina nguvu zaidi, ile ina programu mpya, huyu fundi anaanza kupima baada ya sekunde hizi, yule baada ya nyingine. Baada ya vichupa alikuwa akipeleka watu wazima wa afya, mtu yuleyule kila mashine. Mimi nikajitolea. Nilipoondoka Uingereza moyo wangu ulikuwa umepimwa kwenye mashine nyingi kuliko moyo wa mtu yeyote aliyezaliwa Bigwa, na nadhani rekodi hiyo bado ninayo.

Siku ya kuagana Danuta alinipa kisanduku kimoja. Nilikibeba mkononi kwenye ndege, nguo nikaziacha nyuma.

Nilirudi Morogoro hospitali yetu ilipopata MRI. Haikuwa mpya, lakini sumaku nzuri haizeeki kama sisi, na nawaambia bila kuficha kwamba bila mimi ile mashine ingekuwa inapiga magoti na migongo mpaka leo. Mimi ndiye niliyesema tutapima mioyo. Watu wakanitazama. Mmoja aliyenitazama zaidi alikuwa Bi Mwajuma, mwenzangu wa chumba cha mitambo, mwenyeji wa Mgeta, aliyefanya kazi ya eksirei miaka yote niliyokuwa sipo.

"Mzungu wa Bigwa amerudi na mambo yake," akasema. Jina hilo lilinishika mpaka nastaafu.

"Dada, tutapima moyo kwa milisekunde."

"Wa kwako au wa wagonjwa?"

"Wa wagonjwa."

"Sawa. Maana wa kwako ungepima kwa majigambo, namba zisingetosha."

Bi Mwajuma alikuwa na kitu ambacho sikukiona Botswana wala Uingereza. Mashine ilikuja na sauti iliyorekodiwa ya kumwambia mgonjwa avute pumzi, atoe, asipumue. Wazee wetu wa milimani walikuwa wakiisikia sauti ile isiyo na mtu, ndani ya lile tundu, na mashine inagonga, wanataka kutoka. Mzee mmoja wa Matombo alitoka kweli, na koili, ile fremu ya kunasia mawimbi, bado iko kifuani. Bi Mwajuma akaizima sauti ya mashine, akachukua maiki mwenyewe. Akawa anawasalimia, anawauliza wametoka salama huko juu, kama njia ina utelezi. Kisha, kwa sauti ya bibi anayembembeleza mjukuu: "Vuta pumzi... toa... haya, tulia hivyohivyo, usipumue." Watu walilala pale kama wako kitandani kwao. Nilimtambia kila mgeni aliyekuja kutukagua kwamba hapa Morogoro mgonjwa haongeleshwi na chuma.

Ndipo akaja Zainabu.

Alikuwa binti wa Kinole, kimo cha mtoto kwa sababu ya ugonjwa, lakini alishamaliza kidato cha nne na alikuwa anajifunza ushonaji hapa mjini. Ana selimundu. Tangu utotoni ameongezewa damu mara nyingi, na damu ya kuongezewa huja na chuma, na mwili hauna mlango wa kukitolea. Hujikusanya kwenye ini, kisha kwenye moyo, na kikizidi moyo husimama. Alishapimwa Dar, kwenye hospitali ambayo daktari wake wa moyo, Daktari Lyimo, alikuwa akifanya kazi kabla ya kuhamia kwetu. Namba ya Dar ilikuwa ya chini, chuma kipo. Akaanzishiwa vidonge vya kukitoa. Vidonge vile ni vikali. Mwaka mmoja baadaye figo zake zilikuwa zinaanza kulalamika, na Daktari Lyimo alikuwa na swali moja tu la kutuuliza: chuma kimetoka moyoni au bado? Kama kimetoka, vidonge vinasimama na figo zinapona. Kama bado, akivisimamisha anamuua.

Tukampima. Namba ikaja ya juu, karibu na ya mtu mzima wa afya.

Mama yake Zainabu, muuza ndizi na pilipili manga, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Daktari alipomwambia kwamba inaelekea dawa imefanya kazi, alifunga kanga kiunoni upya, akashika mikono ya kila aliyepita pale, mpaka mfagizi.

Mimi sikufurahi. Niiteni mwenye roho mbaya. Chuma hakitoki moyoni upesi hivyo, hutoka ini kwanza, moyo hufuata ukijivuta. Nikamwambia daktari angoje.

"Mzee Mloka, mmempima mara ngapi?"

"Tumerudia, daktari. Inakuja ileile."

"Sasa?"

"Sasa ya Dar ni ya Dar, ya hapa ni ya hapa. Sijui kama hizi mashine mbili zinaongea lugha moja. Nipe muda nijue."

Alinitazama, kisha akamtazama yule mama kupitia dirisha. Kumngojesha mtu furaha yake si kazi nyepesi. "Figo hazingoji sana," akasema. "Kajue haraka."

Nikachukua kisanduku cha Danuta nikaenda Dar, nikavipima vichupa kwenye mashine yao. Kurudi nilipanda treni ya umeme, na pale kwenye ukaguzi wa mizigo kijana wa ulinzi akasimamisha mkanda.

"Shikamoo mzee. Hii ni nini?"

"Marahaba. Ni moyo."

"Moyo?"

"Na damu. Ya mfano."

Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao. Niliwatolea mhadhara mzuri sana, na nadhani kuna askari watatu pale stesheni wanaojua Tii-wani kuliko wauguzi wengi. Mkubwa wao akaniuliza kama inaweza kupima moyo wa mwanamke anayesema anakupenda. Nikamwambia bado tunafanyia kazi.

Namba za vichupa Dar na Morogoro zikatofautiana. Jamaa wa Dar wakanipigia simu wakicheka: "Mzee, mashine yenu imechoka, ipumzisheni." Nikawaambia wangoje. Jeli hubadilisha namba ikipata joto, na kisanduku kilikuwa kimetoka kukaa juani pale nje ya stesheni nikitafuta usafiri. Nikakilaza ndani ya chumba cha sumaku, penye ubaridi, hadi kesho yake. Nikapima upya. Namba zikaanguka mahali pake, kichupa kwa kichupa, karibu sawa na za Dar. Niliwapigia mimi safari hii, na sikuwa mpole.

Hebu fikirini jambo hilo, maana mimi hadi leo linanisisimua. Sumaku mbili, zilizotengenezwa nchi mbili tofauti, moja karibu na bahari, moja chini ya Uluguru yenye ukungu, zinatikisa maji ndani ya kichupa cha jeli na kukubaliana muda wa kutulia kwake hadi kwenye sehemu za elfu za sekunde. Hakuna watu wawili Morogoro hii wanaokubaliana saa.

Nikapeleka na moyo wangu. Nikapimwa Dar, nikapimwa hapa, Bi Mwajuma akiwa kwenye maiki. Namba ileile.

"Kumbe unao," akasema Bi Mwajuma.

Mashine zilikuwa sawa, basi. Kwa mtu mwingine yeyote kazi ingeishia hapo: mashine sawa, namba ya juu ni ya kweli, simamisha vidonge. Daktari Lyimo aliuliza kama sasa anaweza kumwambia mama kwamba vidonge vinasimama. Nikasema hapana, na safari hii sikuwa na sababu ya kumpa. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi wa mtu mwenye diploma una uzito wake mdogo. Akanipa siku chache.

Nilifanya alichonifundisha Danuta: usiitazame picha ya mwisho ya rangi, ile nzuri ambayo kompyuta imeshainyoosha. Fungua zile picha ghafi za kijivu, moja moja, pigo kwa pigo, uzipitishe kama mtu anayepekua noti. Nikazipitisha za Zainabu. Picha ya kwanza moyo uko mahali pake. Picha inayofuata umeshuka. Umeshuka kidogo, upana wa kidole, na ini limeshuka nao. Halafu unarudi taratibu. Nikafungua kipimo cha pili: umeshuka. Cha tatu: umeshuka, palepale, mwanzoni. Kompyuta ilikuwa inazilazimisha picha zikae pamoja, na mahali penye ukuta wa moyo ilikuwa inachanganya na damu iliyo jirani. Damu ina namba kubwa. Kwa hiyo ukuta ukaonekana una namba kubwa. Moyo wenye chuma ukaonekana hauna.

Lakini kwa nini unashuka? Na kwa nini kila mara palepale? Zainabu hakuwa na kikohozi. Alikuwa mgonjwa mtulivu kuliko wote.

Nikampigia mama yake amrudishe. Nilimwambia ukweli, kwamba sina hakika na furaha tuliyompa. Akasema, "Baba, bora hiyo hiyo ya kutokuwa na hakika kuliko nyingine." Kesho yake walikuwa wameshuka kutoka Kinole.

Nikavaa vizibo vya masikio, nikaingia chumba cha sumaku na kusimama upande wa kichwa cha Zainabu, nikiinama mpaka naona uso wake ndani ya tundu. Bi Mwajuma kule nje akashika maiki.

"Zainabu, mjukuu wangu, hujambo huko ndani?"

"Sijambo bibi, shikamoo."

"Marahaba. Haya. Vuta pumzi... toa... tulia hivyohivyo, usipumue."

Mashine ikaanza kugonga. Na katika kugonga kule, nikamwona binti huyu, macho amefumba, kwa heshima yote aliyofunzwa nyumbani, anavuta hewa kidogo na midomo yake inasema:

"Ndiyo, bibi."

Kisha akatulia kama jiwe.

Nilishika ukingo wa ile mashine. Ili mtu aliyekwisha kutoa pumzi aseme neno, sharti avute nyingine kidogo. Akivuta, ini linashuka, moyo unashuka nalo. Sisi nje hatukusikia kwa sababu kelele zinapoanza tunapunguza sauti ya kutoka ndani. Dar hakujibu, maana kule inaongea sauti iliyorekodiwa, na hakuna mtoto wa Kinole aliyefundishwa kuitikia mashine. Vichupa havikujibu, havina wazazi. Mimi sikujibu, mimi ni fundi, najua. Lakini binti huyu ameitwa na mtu mzima kwa jina, ameambiwa mjukuu wangu, halafu anyamaze? Angalikuwa mtoto wa nani?

Nilitoka nikamweleza Bi Mwajuma. Aliiweka maiki mezani.

"Unasema adabu yake imesogeza moyo."

"Upana wa kidole, dada."

"Na wengine?"

Tukafungua picha za wengine. Wale tuliowapima moyo kwa namba hawakuwa wengi. Waliotoka milimani, hasa waliolelewa na bibi zao, mioyo yao ilikuwa imeshuka mwanzoni mwa kila kipimo. Vijana wa mjini picha zao zilikuwa safi kabisa, kwa kuwa hawamjibu mtu. Tuliwaita tena wale wote waliojibu, na hilo nataka mlijue.

Nilimwambia Bi Mwajuma turudishe sauti ya mashine kwa vipimo vya moyo. Akakataa.

"Wakiogopa je, mioyo ikaenda mbio, namba zako zitakuwa sawa?"

Hazingekuwa sawa. Mapigo yakienda mbio Tii-wani nayo huyumba, na yeye hakuhitaji Danuta kumwambia, kwa sababu alikuwa amekaa kwenye mafunzo yangu yote huku akijifanya anasinzia. Akarudi kwenye maiki.

"Zainabu, nisikilize. Nikikuambia usipumue, usinijibu."

"Ndiyo, bibi."

"Sasa hivi unajibu, sawa. Lakini nikishasema usipumue, hata ndiyo usiseme. Fanya kama hunisikii."

"Hata ndiyo, bibi?"

"Hata ndiyo. Sitakasirika."

"Mama atasema nimekosa adabu."

Bi Mwajuma akafungua mlango, akamwita yule mama kutoka benchi la nje, akamweleza tulichogundua, akamweka mbele ya maiki. Mama alikisogelea kile chombo kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Zai! Usijibu!"

"Ndiyo, mama."

Tulicheka sote, hata Daktari Lyimo aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani. Lakini mama alipocheka machozi yalikuwa yanamtoka, kwa maana alikwishaelewa kwamba binti yake alikuwa amebeba kitu moyoni na sisi tulikuwa karibu kumnyima dawa.

"Vuta pumzi," akasema Bi Mwajuma. "Toa. Tulia hivyohivyo, usipumue."

Mashine ikagonga. Safari hii tuliacha sauti ya ndani wazi, kelele na vyote. Tukasikiliza sote. Kugonga tu. Nikakumbuka Mzee Mkude na yule mama wa siku ya kwanza, nikajikuta na mimi nimebana pumzi. Nikafungua picha ghafi, pigo kwa pigo. Moyo haukushuka. Picha ya kwanza, ya mwisho, na zote za katikati, umekaa mahali pake, ule moyo mdogo uliofanya kazi mara mbili ya moyo wangu tangu siku alipozaliwa, umekaa kama umepigwa msumari.

Tukafanya vipimo vyote vilivyobaki. Hakujibu hata kimoja.

Bi Mwajuma akasema, "Haya mjukuu wangu, tumemaliza, pumua."

Na kutoka ndani ya tundu sauti ikaja, bila haraka, yote aliyokuwa ameyazuia: "Ndiyo, bibi. Ndiyo, bibi. Ndiyo, bibi. Ndiyo, bibi." Alimlipa kila itikio, hakuacha hata moja.

Namba ilikuwa ya chini kuliko ile iliyotufurahisha. Ilikuwa ya juu kidogo kuliko ya Dar ya mwaka uliopita. Chuma kilikuwa bado kimo, lakini kilikuwa kinatoka. Daktari Lyimo hakusimamisha dawa. Alipunguza dozi, akaongeza maji na vipimo vya figo, akamweleza mama neno kwa neno. Mama akauliza swali moja tu: "Hii namba ya leo, nikimpeleka Dar, watasema hivyohivyo?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo tangu Danuta aniulize. Nikamwambia watasema hivyohivyo. Na alipopelekwa Dar, mwezi uliofuata, walisema hivyohivyo.

Zainabu sasa ana cherehani yake mwenyewe hapa mjini. Figo zimetulia. Kipimo chake cha mwisho nilikifanya mimi, wiki niliyoaga, na namba ilikuwa imepanda tena, taratibu, kama inavyotakiwa kupanda. Aliponiona nakusanya vitu vyangu alinishonea koti la kazi kama zawadi. Nimestaafu, sina pa kulivalia, kwa hiyo nalivaa barazani.

Kisanduku cha Danuta nimekiacha kwenye kabati la chumba cha sumaku. Kisikae juani. Moyo wangu mnaweza kuuazima, mkipata mashine mpya nipigieni nije nilale, bado unafanya kazi na bado ni wa mfano.

Na ile karatasi iliyobandikwa juu ya maiki, aliyoiandika Bi Mwajuma kwa herufi kubwa ili kila anayekaa pale amsomee mgonjwa kabla ya kuanza: USINIJIBU KWANZA. TUTAITIKIANA TUKIMALIZA. Hiyo msiibandue. Mkiibandua nitajua, na sitahitaji kuja kuangalia. Nitaziona namba.